Boti Iliyotekwa Mara Mbili

Wasee, tukianza stori za Vita Vikuu vya Kwanza, kila mtu anataka manowari kubwa. Leo wacha tuongee kuhusu tagi, ile boti ndogo ya kuvuta meli bandarini. Hii ilikuwa ya mvuke, ya Wajerumani, jina Adjutant.

Oktoba 1914 ilinaswa na manowari ya Waingereza, HMS Dartmouth. Wakaiwekea silaha, wakaipeleka delta ya Rufiji, Tanzania ya leo, kuwinda Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha kwenye mikoko. Mbona tagi? Kwa sababu meli kubwa ikiingia mle inakwama, maji ni machache. Kadogo kanapita.

Shida ni kwamba kadogo pia hakana ngao. Februari 1915 Wajerumani na askari wao wakaimiminia risasi, bomba la mvuke likapasuka. Boti ya mvuke bila mvuke ni sufuria inayoelea tu. Ikarudi kwa wenyewe.

Königsberg iliangamizwa Julai 1915. Adjutant nayo ilifika Dar es Salaam, ikafunguliwa vipande vipande, ikapandishwa treni kilomita zaidi ya 1,200 hadi Kigoma, ndiyo ikapiganie Ziwa Tanganyika. Haikupigana hata siku moja. Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia, Wajerumani wenyewe waliiharibu kabla haijamalizika kuunganishwa.

Sasa hapa ndipo mimi nashikwa na hasira. Boti tunaijua jina, tunajua nani aliiteka na mwezi gani. Lakini vyuma havijipandishi kwenye treni, na jeshi halijibebei chakula. Pande zote mbili zilibebewa mizigo na Waafrika, wengi wao wakilazimishwa. Makumi ya maelfu walikufa, sanasana kwa magonjwa na njaa, na wengi hawana hata kaburi lenye jina.

Unapita Kariakor hapa Nairobi kila siku, si ndio? Hilo jina limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Kariakoo ya Dar, vilevile. Wao walibakishiwa jina la mtaa, tena la pamoja.

Kwa hivyo kama bado una babu au nyanya, muulize nani kwenu alichukuliwa vita ile. Akikutajia jina, liandike. Tagi ishaandikwa.