Wasomi wa Buganda Waliofundishana

Mara nyingi mzazi humjia mwalimu akasema, "Mwalimu, mtoto huyu nimekukabidhi, asiposoma, mchape." Mzazi huyo hana nia mbaya. Aamini tu kwamba mtoto ni kama ng'ombe, haendi ila kwa fimbo.

Je, yawezekana mtu ajifunze kwa hiari yake? Huko Uingereza iko shule iitwayo Summerhill. Mwalimu A. S. Neill aliianzisha mwaka 1921, kwanza katika nchi ya Ujerumani, kisha akaihamishia Uingereza. Humo mtoto huingia darasani apendapo, na sheria za shule huamuliwa katika mkutano, ambamo kura ya mtoto mdogo ni sawa na kura ya mwalimu. Wengi wakisikia habari hiyo hucheka, wakisema hayo ni mambo ya Wazungu wenye mali. Lakini sisi tukaao Songambele hatuna haja ya kuvuka bahari ili tuulize jambo hili. Ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Uganda, lilitendeka zamani, tena katika taabu kubwa.

Mwezi wa Novemba 1878 Bwana Alexander Mackay alifika Buganda kwa Kabaka Mutesa. Alikuwa Mskoti, fundi wa mitambo. Miezi michache baadaye, mwaka 1879, wakafika mapadre wa Kifaransa. Hapakuwa na jengo la shule, wala kengele, wala sheria ya kumlazimisha mtu kusoma. Mackay alikuwa akifanya kazi zake za ufundi, na vijana watumishi wa Kabaka wakamjia kutazama. Wakaona herufi, wakauliza maana yake. Mwanzoni walisoma Kiswahili, maana vitabu vya Kiluganda vilikuwa havijaandikwa. Mackay akachonga herufi za mti, akapiga chapa karatasi za kusomea. Kijana akijua ukurasa mmoja alimfundisha mwenzake. Hivyo watu wakawaita "wasomi," na hata leo kwa Kiluganda neno la kusoma ni kusoma kitabu, tena ni kusali.

Kisha likatukia jambo ambalo sisi walimu yatupasa kulitafakari sana. Mwezi wa Novemba 1882 mapadre wale waliona hatari, wakaondoka Buganda, wakaenda kukaa Bukumbi, kusini ya Ziwa. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Kwa muda wa karibu miaka mitatu wanafunzi wao walikuwa hawana mwalimu. Je, walitawanyika? La. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana wenzake katika nyumba ya Kabaka. Andrea Kaggwa na Matiya Kalemba wakafundisha watu nyumbani kwao. Mapadre waliporudi walikuta wasomi wameongezeka kuliko walivyowaacha. Na upande wa Waprotestanti, mwaka huohuo wa 1885 walichagua baraza la wazee wa Kiganda, ili Wazungu wakifukuzwa kazi isife.

Wakati huo kusoma kulikuwa jambo la kufa na kupona. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu, Kakumba, Lugalama na Serwanga, waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Novemba mwaka ule akauawa Balikuddembe. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wakachomwa moto Namugongo, pamoja na Karoli Lwanga, mkuu wa vijana wa Kabaka. Hata hivyo watu waliendelea kumjia Mackay usiku ili wafundishwe. Fimbo ilikuwapo, naam, lakini ilikuwa ya kuwakataza wasisome, nao wakasoma.

Mackay alifukuzwa mwaka 1887, akafa Usambiro, katika nchi hii yetu, Februari 1890. Mwaka 1888 Wakristo walifukuzwa, wengi wakakimbilia Nkore, naye mfalme Ntare akawapa mahali pa kukaa Kabula. Huko nako hawakuviacha vitabu vyao. Baadaye elimu ile ikaingia kwetu. Mwaka 1892 wamisionari Wakatoliki walianza kazi Kashozi, pamoja na Wakristo waliotoka Buganda. Tena wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910 waliwakuta Wahaya waliokwisha kujifunza kusoma kwa vitabu vya Kiluganda.

Basi, je, tufunge shule zetu, kila mtoto ajifunze apendavyo? Sisemi hivyo. Tuitazame habari hii kwa haki. Wasomi wale wa kwanza walikuwa wengi wao vijana wa nyumba ya Kabaka, wenye nafasi, waliokaa karibu na mwalimu. Mwana wa mkulima aliyekaa mbali, au msichana aliyechota maji mchana kutwa, hakufikiwa na karatasi za Mackay. Mtu hatamani kitu asichokiona. Kwa hiyo serikali yetu ilifanya vyema ilipoamua huko Musoma mwaka 1974 kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi, jambo lililoanza kutimizwa mwaka 1977. Pasipo sheria wengi wangaliachwa nje ya mlango.

Lakini sheria ikiisha kumfikisha mtoto mlangoni, kazi yake imekwisha. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hilo. Katika maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alitaka wanafunzi washirikishwe katika kuamua mambo ya shule na shamba lao, wasiwe watu wa kuamriwa tu. Katika shule nyingi tulilichukua jembe, tukayasahau maamuzi.

Enyi wazazi na walimu wenzangu, wafugaji wetu wajua kwamba ng'ombe mwenye kiu hahitaji fimbo. Ahitaji kuonyeshwa njia ya mtoni. Mtoto akiuliza neno, tusimwambie, "Nyamaza." Akijua kusoma, tumpe mdogo wake amfundishe. Kitabu kilichomo nyumbani kisifungiwe sandukuni kisichafuke. Kikichakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Tena siku moja mwalimu atoke darasani kwa saa moja, kisha arudi kimya kimya asikilize mlangoni. Akisikia watoto wanaendelea kusomeshana, na ashukuru. Akisikia kelele tu, asiitafute fimbo kwanza, bali ajiulize amewafundisha kutamani nini.