Moto wa Majira ya Baridi

Ukija Kolwezi mwezi wa Juni, njoo na koti. Mji wetu uko juu, mita 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na mvua ikishakatika usiku huuma masikio. Kwa vijana wa leo huo ni msimu wa vumbi na mafua tu. Kwa wazee wetu Wasanga, na Wayeke waliokuja baadaye, ndio ulikuwa msimu mkubwa wa mwaka.

Mtama ukishavunwa, mwezi wa Mei, chifu alitoa ruhusa: twendeni tukale shaba. Kijiji kilihama. Mlima wenye shaba haukuwa siri, kwani penye shaba nyingi miti haikui, na kuna ua dogo la buluu linalopenda udongo huo ambao mimea mingine inaukimbia. Wanaume waliingia mashimoni na sululu za chuma. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani, malakiti, wakayaosha mtoni. Tanuru zilijengwa kwa udongo wa kichuguu, mkaa ulichomwa kwa miti migumu, na mivukuto ilikuwa ya ngozi ya swala. Fundi mkuu alitia dawa zake na kuwaita wazee waliokufa, na wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Kuna wanaocheka miiko hiyo. Mimi niliyefanya kazi kwenye kiwanda cha shaba cha Luilu siicheki: anayesimama mbele ya madini yanayochemka hujitafutia adabu ya namna fulani, awe na dawa au awe na kofia ya plastiki.

Baridi haikuchaguliwa bure. Msimu huo shimo halijai maji, mkaa haulowi, na shamba halidai mikono. Mawingu ya kwanza yakitokea, watu walirudi kwenye jembe.

Shaba iliyomiminwa ilipewa umbo la misalaba, nayo ilisafiri. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, Lualaba ikiteremka kaskazini, wanaakiolojia wa miaka ya 1957 na 1958 walikuta makaburi ya karne nyingi, na katika yale ya baadaye maiti wamelazwa na misalaba kifuani au mikononi. Kadiri karne zilivyopita misalaba ilipungua ukubwa na kufanana uzito, kama inavyokuwa kitu kinapogeuka fedha.

Wengine nao wana moto wao wa majira ya baridi. Katika visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskoti, kila Jumanne ya mwisho ya Januari watu wa Lerwick hubeba mienge na kuchoma merikebu ya mbao kwa heshima ya mababu wa Kiviking. Mgeni hudhani ni mila ya miaka elfu. Merikebu ya kwanza ilichomwa 1889! Msiri, mfalme wa Wayeke, alikuwa bado anatawala Bunkeya, akikusanya shaba ya tanuru zetu. Aliuawa Desemba 1891. Moto wao ni mchanga na unawaka. Wetu ni wa kale kweli, na umezimika.

Nani aliuzima? Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa 1906, na 1911 tanuru yake ya Lubumbashi ikamimina shaba ya kwanza. Moto wa koka haungoji mavuno wala ruhusa ya chifu. Mmisionari de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu, alipochapisha makala yake juu ya wala-shaba, 1926, kazi ile ilikuwa imebaki vichwani mwa wazee. Katanga, jimbo letu, ilipojitenga na Kongo, tarehe 11 Julai 1960, katikati ya baridi, misalaba mitatu ilichorwa kwenye bendera na mmoja kwenye sarafu ya 1961. Picha tulirudishiwa, msimu hatukurudishiwa.

Mtaani Kasulo, hapa Kolwezi, ambako kobalti ilipatikana chini ya nyumba mwaka 2014, vijana waliteremka mashimoni hata Januari, mvua ikimwagika. Fundi mkuu wa zamani angewakataza, na sababu yake isingekuwa dawa peke yake: udongo uliolowa huporomoka.