Kurasa Kumi, Zisizidi

Duka la steshenari la shangazi yangu, Morogoro, lilikuwa na kompyuta mbili, printa moja, na mashine ya fotokopi iliyopumzishwa kila mchana kwa sababu ya joto. Mwaka 2009, nilipokwenda kwake likizo, adui mkubwa wa duka alikuwa virusi. Mteja anakuja na flashi, faili linafunguliwa, na kufika jioni mafolda yote yamegeuka vitu visivyofunguka. Windows iliyokuwamo ilikuwa ya kunakili. Fundi mmoja aliiweka kwa bei ya chipsi na soda, na haikuwahi kupokea sasisho hata moja.

Mimi nilikuwa na dawa begini: CD ya Ubuntu, iliyonifikia kwa posta bila kulipa hata stempu.

CD ile ilikuwa na ukoo mrefu. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza GNU, mradi wa kuandika mfumo endeshi ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchungulia ndani, kuubadilisha na kumgawia jirani. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini kilichokuwa kinakosekana, nacho kikaitwa Linux. Kwa miaka mingi baada ya hapo mfumo huu ulikuwa wa wataalamu na seva zao. Mtu wa kawaida aliyejaribu kuuweka nyumbani angeweza kumaliza wiki anatafuta sauti.

Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini aliyetajirika kwa kuuza kampuni yake mwaka 1999 na kwenda angani mwaka 2002, ndiye aliyeamua kumfikia huyo wa kawaida. Oktoba 2004 alitoa Ubuntu, akaupa jina ambalo kwetu ni utu tu, na mradi ukawa unamtumia CD yeyote aliyeomba, popote alipo. Miezi miwili kabla ya hapo, katika orodha ya kasoro za mradi, aliandika kasoro namba 1: Microsoft inashika sehemu kubwa ya soko la kompyuta za mezani. Ilikuwa mzaha nusu, na nusu nyingine haikuwa mzaha.

Hoja iliyotumika sana kuwashawishi watu ilikuwa bei. Kwa shangazi haikuwa na uzito wowote, kwani Windows nayo aliipata karibu na bure, kwa njia tunazozijua. Stallman amehangaika miaka na miaka kueleza kwamba anazungumzia uhuru, si bei, kwa sababu Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili. Sisi tuna bure na tuna huria, na bado nilimwambia shangazi, "Ni ya bure."

"Na virusi?" akauliza.

"Virusi vya kwenye flashi za wateja havitaisumbua."

Hilo ndilo lililomshika. Usiku ule nikaweka Ubuntu kwenye kompyuta zote mbili. Nilimfungulia menyu za Kiswahili pia, nikijivuna, maana tangu Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyoongea lugha yetu. Shangazi akazitazama kidogo, akaniomba nirudishe Kiingereza. Alijifunza kuchapa kwa Kiingereza, na vidole vyake havikuwa na muda wa kutafsiri.

Wiki tatu zikapita bila virusi. Nilikuwa shujaa wa mtaa.

Ndipo akaja mama mmoja, katibu wa kikundi cha ufugaji wa kuku, na andiko la mradi kwenye flashi. Lilitakiwa kufika ofisi ya wafadhili kabla ya saa sita mchana siku ileile, na masharti yalisema kurasa kumi, zisizidi. Alikuwa amezihesabu. Nikafungua, nikaona kumi na moja. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari ya sahihi tu, na jedwali la bajeti lilikuwa limekatika katikati, jumla upande huu, tarakimu upande ule. Nikapunguza ukubwa wa herufi, jedwali likaharibika zaidi. Saa nne na nusu shangazi alinyamaza, akachomoa flashi, akamshika mama yule mkono na kumpeleka kwa jirani, mshindani wake, akamlipia uchapaji. Andiko lilifika. Jioni hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, irudishe ilivyokuwa."

Miaka baadaye ndipo nilipoelewa kilichotushinda: upana wa herufi. Office ya 2007 ilifanya Calibri kuwa fonti yake ya kawaida badala ya Times New Roman, na Calibri ni mali ya Microsoft, haigawiwi pamoja na Linux. Programu ikikosa fonti huchukua nyingine, na ikiwa pana kuliko ya asili hata kwa unywele, mistari inasukumana hadi ukurasa wa kumi unamwagika. Times New Roman, Arial na Courier New zilikuwa zimepata pacha huria wenye vipimo vilevile mwaka 2007, fonti za Liberation za Red Hat. Pacha wa Calibri, Carlito, alikuja 2013. Tulimtangulia kwa miaka minne.

Sisemi hivi kujitetea. Jiji la Munich, Ujerumani, lenye fedha na mafundi wa kuajiriwa, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alikatiza likizo yake ya kuteleza kwenye theluji akaenda kumbembeleza meya, wapi. Kompyuta zaidi ya 14,000 zikahamishwa. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows, na kati ya malalamiko yaliyosikika sana ni nyaraka za kubadilishana na watu wa nje. Kila ninaposoma habari hiyo namwona mama wa kuku.

Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ambayo kompyuta za shangazi hazina. Safari hii yeye ndiye aliyepiga simu.

"Kile kidude chako cha zamani bado kipo?"

Nikamwomba kwanza anitumie mafaili ishirini ya wateja, yale ya kila siku: barua za kazi, mikataba ya nyumba, maandiko ya miradi. Nikayafungua kwenye LibreOffice, nikalinganisha idadi ya kurasa moja baada ya nyingine. Kumi na saba yalikaa sawasawa. Nikampigia kwa furaha.

"Na hayo matatu?" akauliza.

"Yameyumba kidogo, shangazi."

"Hao watatu nao ni wateja wangu."

Tumekubaliana kompyuta ya karibu na dirisha ipate Linux, na ile ya printa ichomolewe kwenye intaneti na kusubiri. Jumamosi nitapanda basi.