Jimbo la Fujian na Bahari Yake

Leo tunakwenda mbali, mpaka Uchina. Ikiwa mnayo ramani darasani, mwalimu na aitundike ukutani. Tazameni pwani ya kusini mashariki, mkabala wa kisiwa cha Taiwan. Hapo ndipo Fujian.

Sehemu kubwa ya jimbo hili ni milima. Wenyeji husema kwamba ukiigawa nchi yao mafungu 10, manane ni milima, moja ni maji, na moja tu ndilo shamba. Upande wa magharibi milima ya Wuyi hupunguza ukali wa baridi itokayo bara. Mvua ni nyingi, na chai hustawi miteremkoni. Lakini baina ya Julai na Septemba tufani hutoka baharini, zikaezua mapaa na kuzamisha mashua.

Sasa jiulizeni: mwenye shamba dogo namna hiyo atawalisha watoto wake nini? Watu wa Fujian waliigeukia bahari. Majira ya baridi upepo huvuma kutoka kaskazini mashariki, ukawapeleka kusini. Majira ya joto hugeuka, ukawarudisha kwao. Ninyi mlioko pwani mnaujua mwendo huo, ni kama kaskazi na kusi. Bandari ya Quanzhou ikatajirika. Waarabu waliiita Zaitun, na kuta za msikiti uliojengwa huko mwaka 1009 zingaliko. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameeleza kwamba baadaye aliiona bandari hiyo, naye aliisifu sana.

Lakini mwaka 1371 mfalme wa Uchina alikataza raia kufanya biashara ng'ambo. Merikebu za serikali hazikukatazwa. Jemadari Zheng He alikuwa akingoja upepo huko Changle, katika Fujian, na baadhi ya merikebu zake zilifika hata Malindi. Raia walibaki na njaa au magendo, mpaka mwaka 1567 mlango ulipofunguliwa kidogo.

Mlango huo mdogo uliokoa watu. Mwaka 1593 mfanyabiashara Chen Zhenlong alileta marando ya viazi vitamu kutoka Luzon, Ufilipino. Wahispania waliotawala huko hawakutaka yatoke. Yasemekana aliyasokota ndani ya kamba ya merikebu! Mwaka uliofuata mavuno yalipungua, viazi vikashika nafasi ya mchele. Kiazi, kama mjuavyo, hakichagui shamba. Hukubali hata kilimani.

Mwaka 1661 yakaja mabaya zaidi. Watawala wapya, wakipigana na Zheng Chenggong aliyekuwa na nguvu baharini, waliwaamuru watu wa pwani wahamie bara. Vijiji vikachomwa moto, na aliyerudi kuvua aliweza kuuawa. Amri hiyo haikuondolewa kabisa mpaka Taiwan iliposhindwa mwaka 1683. Kwa maoni yangu, hata tufani haikuwahi kuwatenda hivyo.

Bahari ilipofunguliwa, wengi waliondoka na hawakurudi. Hata leo, katika masoko ya Penang na Manila, utawasikia wajukuu wao wakipatana bei kwa lugha ya Fujian.