Mfupa Uliounga na Mkono Usioshika

Msomaji, kunja kifundo cha mkono wako kuelekea kiganjani hadi mwisho wake, kisha ujaribu kukaza ngumi. Utaona vidole vimelegea. Sasa kiinue kifundo kidogo, ukaze tena: nguvu imerudi. Jambo hili dogo ndilo lililosahauliwa na madaktari hodari.

Mtu aangukapo hutanguliza mkono ajikinge, na mara nyingi mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba huvunjika karibu na kifundo. Zamani wengi walidhani kifundo kimeteguka tu. Mwaka 1814, Abraham Colles, daktari wa Dublin katika nchi ya Ireland, alieleza kwamba ni mfupa uliovunjika, na kipande chake kimesukumwa nyuma. Hakuwa na picha za eksirei, kwani miali hiyo iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Alitegemea macho na vidole vyake.

Mwaka 1852, Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alitangaza ufundi wa kusugua unga wa jasi katika vitambaa, ambavyo vikilowa maji hugeuka kuwa vigumu. Hiyo ndiyo plasta. Mkono uliweza kushikwa imara; lakini ushikwe katika hali gani?

Mnamo 1910, Frederic Cotton wa Boston, Marekani, alieleza njia ya kukikunja kifundo sana na kukielekeza upande wa kidole cha mwisho. Kano za nyuma zikivutwa hivyo, kipande hurudi mahali pake na kutulia. Hoja ilikuwa nzuri. Lakini mshipa wa fahamu upitao katika njia nyembamba ya kifundo ulibanwa. Vidole vikafa ganzi na kukakamaa. Plasta ilipoondolewa, baadhi ya wagonjwa walikuwa na mfupa uliounga na mkono usioweza kushika.

Leo madaktari huepuka mkunjo ule mkali. Plasta hukomea kabla ya vifundo vya vidole, na mgonjwa huambiwa avichezeshe vidole tangu mwanzo. Akiona ganzi au maumivu yanayozidi, na arudi upesi hospitali, asivumilie.

Basi, msomaji, mfupa huungwa ili mkono ufanye kazi. Kila utakapotengeneza kitu kilichovunjika, jiulize kwanza kilikuwa na kazi gani.