Urithi wa Kasongo na Wajibu wa Wenyeji

Kila mji una hazina mbili: moja huonekana kwa macho, na ya pili hukaa vifuani mwa watu. Ya kwanza ni majengo, makaburi na miti mikongwe. Ya pili ni habari za hayo yote. Kwa mji wetu wa Kasongo, hazina ya pili ndiyo kubwa, nayo ndiyo iliyo karibu kupotea.

Katika miji ya pwani, kama Kilwa na Lamu, wazee walijenga kwa mawe na chokaa, na kuta zao zingali zikisimama. Huku Manyema wengi walijenga kwa udongo na miti. Na nyumba ya udongo, ikikosa paa, hairudi ila udongoni.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, aliufanya mji huu kuwa makao yake katika miaka ya 1870. Alipoondoka kurudi Unguja mwaka 1890, mwanawe Sefu alibaki. Mwezi wa Aprili 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo, chini ya Dhanis, liliuteka mji. Hinde, tabibu Mwingereza aliyekuwamo katika jeshi hilo, alieleza katika kitabu chake cha 1897 jinsi walivyostaajabia mashamba ya mpunga na miwa, na bustani za michungwa, mipera na mikomamanga. Nyangwe, uliotekwa mwezi mmoja kabla, haukusalimika: Hinde aliukadiria kuwa na watu kama 30,000, lakini kwa muda wa majuma machache ukabaki nyumba moja kubwa na kambi ya askari.

Basi, ni nini kilichosalia? Umesalia mpunga mashambani mwetu. Imesalia lugha yetu ya Kiswahili, wengine huiita Kingwana. Na imesalia dini. Lakini ni nani ajuaye kaburi hili lisilo na jina ni la nani, au njia ya misafara ilipita wapi? Katika miaka ya 2010, wataalamu wa mambo ya kale walipokuja kuchunguza Manyema, hawakuchimba ardhi tu, bali walikusanya pia masimulizi ya wenyeji. Kigae cha chungu hakijitaji jina. Hulitajiwa na mwenyeji.

Ama liko jambo zito ambalo haifai kulifunika. Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Je, yule ambaye asili yake yenyewe ni babu aliyeletwa hapa kwa mnyororo? Misafara iliyoleta kitabu na mpunga ndiyo iliyochukua watu na pembe. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, watu wa wafanya biashara waliwapiga risasi wauzaji na wanunuzi, na mamia wakafa, wengi wao wanawake. Livingstone alikuwapo, akayaandika. Tukihifadhi sifa za mabwana peke yake, tutakuwa tumehifadhi nusu ya mji, na nusu ya pili tumeizika mara ya pili. Haki yataka mjukuu wa mtumwa aulizwe kama aulizwavyo mjukuu wa mwungwana, na neno lake liandikwe kwa wino ule ule.

Kwa hivyo yatupasa sisi wenyewe tuanze, mtaa kwa mtaa. Vijana wawaendee wazee, wanaume kwa wanawake, waandike majina ya makaburi, visima, misikiti ya kale na miti iliyopandwa na waliotutangulia. Wenye vitabu vya kale vya khati za Kiarabu wasivitoe nje ya nyumba zao, bali wavionyeshe ili vihesabiwe na kulindwa na mchwa na mvua. Asiyejua mpaka wa makaburi asichimbe msingi kabla ya kuuliza. Nchi yetu inayo sheria ya mwaka 1971 ya kulinda mali ya utamaduni. Lakini sheria haiwezi kulinda kitu ambacho wenyeji hawajakitaja.

Mzee mmoja akifa leo bila kuulizwa, hakuna kitabu kitakachotujibu kesho. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, waliodhulumiwa kwanza, na atujaalie kuwa waaminifu juu ya amana hii. Amin.