Matabibu Wasafiri wa Unguja

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kabla dola za Ulaya hazijagawana bara hili kwa wino na ramani, mji wa Unguja ulikuwa na matabibu wachache wa Kizungu ambao riziki yao ilitoka katika homa za wafanyabiashara, mabaharia na mabalozi, lakini nyoyo zao zilikuwa zimeelekea ng'ambo, huko zilikotoka pembe za ndovu na habari za maziwa makubwa. Mtu asidhani kuwa walikuwa watu wenye wasaa. Kila msimu wa kaskazi ulipoleta majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, mji ulifurika wageni, na pamoja na wageni zikaja homa, ndui na kuhara damu. Ajabu ni kuwa watu wenye shughuli kama hizo ndio waliokuwa tayari kufunga milango yao na kwenda miezi mingi kwa miguu, juani na mvuani, pasipo mtu kuwalazimisha.

Desturi ya tabibu kusafiri haikuanza kwao. Abdul-Latif wa Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, alikuwa mwanachuoni wa tiba aliyezunguka Sham na Misri, na huko Misri ilimkuta ile njaa kubwa ya baada ya mwaka 1200. Alipokwenda kuangalia mafungu ya mifupa ya watu waliokufa, aliona kwa macho yake kuwa taya la chini la mwanadamu ni mfupa mmoja, ilhali Jalinus wa Wayunani alikuwa ameandika kuwa ni miwili, na watu wakamsadiki kwa karne nyingi. Laiti asingaliondoka Baghdadi, yeye naye huenda angalisomesha miwili.

Wa Unguja aliyetangulia kwa umashuhuri ni John Kirk, Mskochi aliyezaliwa mwaka 1832 na kusomea utabibu Edinburgh, ambaye alikuwa amekwisha kusafiri na Livingstone katika mto Zambezi tangu mwaka 1858 hata 1863, alipofika visiwani mwaka 1866 kuwa tabibu wa ubalozi wa Kiingereza. Taarikhi inamkumbuka zaidi kwa siasa, kwa kuwa ndiye aliyemkabili Sultani Seyyid Barghash mpaka mkataba wa kufunga masoko ya watumwa ukatiwa saini mwezi wa Juni 1873; illa ukitaka kumjua mtu kwa alichokipenda, ulitazame shamba lake la Mbweni, alikokusanya mimea ya kila namna, kisha uyaangalie majina: kima punju wa msitu wa Jozani na digidigi wa nyika za bara, wote wawili katika vitabu vya elimu ya wanyama wameitwa kwa jina lake. Kwa rai yangu, ubalozi ulimnyang'anya msafiri huyu miaka yake iliyo bora.

Mwenziwe James Christie, aliyekuwa tabibu wa Sultani, alisafiri kwa masikio. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwishoni mwa mwaka 1869, Christie aliwauliza manahodha, viongozi wa misafara na wafanyabiashara, kila mmoja wapi alikutana na maradhi na lini, hata akaweza kuonyesha kuwa safari hii gonjwa halikuja kwa jahazi kama watu walivyotazamia, bali lilishuka kutoka kaskazini, likapita nchi ya Wamasai, likatokea Pangani, ndipo likavuka bahari. Kitabu chake kilichopigwa chapa London mwaka 1876 kina kipindupindu kwa jina, lakini msomaji atakayekifungua atakuta njia za misafara zimepangwa humo kituo kwa kituo.

Tabibu ambaye mapenzi ya safari yalimtawala kabisa ni Gustav Fischer, Mjerumani wa mji wa Barmen, aliyezaliwa mwaka 1848 na kutumika katika jeshi kabla ya kuja Unguja mwaka 1876 pamoja na Clemens Denhardt. Walikwenda Witu, wakaupanda mto Tana mwaka 1878. Kisha Fischer akakaa Unguja akifanya kazi yake ya utabibu, kazi ambayo mtu mwingine angaliifanya mpaka uzeeni akarudi kwao na mali. Yeye aliifanya miaka michache tu, na mwishoni mwa mwaka 1882 akaondoka Pangani na msafara kwenda Umasai.

Yafaa tusimame kidogo Pangani, maana bila ya mji huo Fischer asingalifika popote. Pangani ilikuwa lango la Umasai, na watu wake walikuwa na ilimu ya njia ile iliyopatikana kwa hasara na mauti ya wengi. Walijua kuwa Wamasai hawakuthamini sana nguo kama walivyothamini senyenge na ushanga. Na ushanga huo ulipaswa utungwe nyuzi kwa kipimo cha Kimasai kabla ya kuingia nchini, kwani usiotungwa haukupokewa. Mpagazi alichukua mzigo wa takriban frasila mbili, mbali ya chombo chake cha kupikia na mkeka wake, na kila kituo hongo ilikatwa kwa maneno marefu. Ilimu hii ilikuwa imekwisha kuandikwa: mtu mmoja wa upande wa Gazi, Sadi bin Ahedi, alimhesabia mmisionari Wakefield vituo vya misafara kutoka pwani hata ziwa Nyanza, na habari hizo zikachapishwa London mwaka 1870. Basi vitabu vinaposema kuwa Fischer alikuwa wa kwanza kuliona ziwa Naivasha, mwaka 1883, vinakusudia wa kwanza katika Wazungu. Kirangozi aliyemtangulia na bendera hakuhesabiwa.

Naivasha ndiko safari ilikokoma, kwa kuwa Wamasai hawakumruhusu kuendelea. Njiani msafara wake ulikuwa umepigana nao na damu ilimwagika, na matokeo yake yalimwangukia msafiri Joseph Thomson, aliyefuata nyuma mwaka huo huo, akakuta nchi imechafuka, akalazimika kurudi pwani kujiandaa upya kabla ya kuandamana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani. Hapa pana jambo la kuchekesha. Thomson hakuwa tabibu hata chembe, lakini alijifanya mganga mbele ya morani kwa kutia maji chumvi ya dawa yenye kutoa povu na kwa kuchomoa meno yake mawili ya bandia, akapita. Tabibu wa kweli alirudishwa.

Mwaka 1885 Fischer alipewa kazi nyingine, ambayo ndani yake matabibu watatu walitafutana. Mahdi alikuwa ameitwaa Sudani, na huko katika jimbo la Ikweta walikuwa wamekwama Emin Pasha, tabibu mzaliwa wa Oppeln aliyeanza kwa kutibu bandarini Antivari katika dola ya Kituruki na akaishia kuwa liwali, pamoja na Wilhelm Junker, mzaliwa wa Moscow, ambaye naye alisoma tiba akaiacha kwa ajili ya safari. Ndugu yake Junker alitoa fedha ili Fischer akawatafute. Alipita kusini hata Kagei, ukingoni mwa Nyanza. Lakini Buganda ilikuwa imefungwa, Kabaka Mwanga akiwa amekwisha kuamuru kuuawa kwa Askofu Hannington, na Fischer alipojaribu kuzunguka upande wa mashariki, bidhaa zilimwishia. Alifika pwani katikati ya mwaka 1886, akarudi kwao mgonjwa, na mwezi wa Novemba akafa Berlin, umri wake miaka 38. Mwezi uliofuata Junker, aliyejiokoa kwa njia ya Buganda na Tabora, aliingia Unguja mzima.

Emin alibaki mpaka Stanley alipomleta Bagamoyo mwezi wa Desemba 1889, na usiku wa karamu ya kumpongeza akaanguka kutoka ghorofani akavunjika fuvu. Alipopona, meli za Ulaya zilikuwa tayari kumpokea; yeye akarudi bara, akaanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, akaendelea magharibi akikusanya ndege, mpaka akauawa Kongo mwaka 1892.

Fischer naye ameachwa katika majina ya ndege, akiwamo cherero wa kijani na machungwa ambaye makundi yake yanaruka Serengeti. Mwaka 1901 reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kupita Naivasha na kufika Nyanza, mizigo ikapandishwa mabehewani, na Pangani ikapungukiwa na wapagazi; tangu hapo tabibu aliyetaka kuliona ziwa lile aliomba likizo kazini, akakata tikiti, akafika na viatu visivyo na vumbi.